Jinsi nilivyokausha mawaridi yasiote ukungu

Mawaridi ya bustani yangu hapa Mombasa yaliota ukungu kila nilipoyaning'iniza ndani wakati wa masika, kwa kuwa hewa ya pwani hujaa unyevu. Nikayafukia katika mchanga wa ufuoni. Yakalegea zaidi, kwani chumvi iliyomo huvuta maji kutoka hewani. Ufumbuzi ulikuwa kuuosha mchanga mara kadhaa kwa maji ya mvua (maji ya visima vingi huku yana chumvichumvi), kuukaanga sufuriani hadi ukauke kabisa, na ulipopoa, kuyafukia taratibu maua niliyoyachuma baada ya umande kukauka, ndani ya kopo. Baada ya wiki mbili yalitoka makavu, na wekundu wake niupendao umeingia weusi kidogo tu.