Meza ya kukunja kwa usiku wa kutazama nyota

Anza na miguu. Uwanja wenye giza zuri huwa na mabonde na vichuguu, kwa hiyo chagua meza ambayo kila mguu unarefushwa peke yake. Urefu wa sentimita 70 hivi unamfaa aliyeketi; anayetazama amesimama apate 85 au 90, asiiname kila anapobadilisha lenzi ya kuchungulia ya darubini.

Meza za alumini zenye vibao vya kukunjwa kama mkeka ni nyepesi na haziogopi umande, lakini skrubu ndogo hupenya kwenye nafasi kati ya vibao, na gizani huioni tena. Tandika kitambaa cheusi kizito, kingo zake zikunjwe juu. Uso mweupe hurudisha mwanga hata wa tochi nyekundu, na macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza upya. Meza za mbao za unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi ziache kabisa: umande ukiingia pembeni, zinavimba.

Darubini ndogo ya mezani usiiweke hapa. Ukikuza mara 100, mtikisiko wa kiwiko tu huifanya sayari ya Zohali irukeruke. Itafutie kigoda imara cha miguu mitatu.