Endelea hivyohivyo

Tangu Jumamosi nayageuzageuza maneno ya mama mmoja niliyekutana naye Soko la Mgandini, mbele ya mafungu ya nyanya. Alinitazama, akalitazama kapu langu, akasema, "Kumbe ndiye wewe mwalimu wa muziki! Tangu mwanangu aanze somo lako, nyumbani kwangu hakuna sufuria inayolala."

Nikachekacheka. "Ndiyo mazoezi, mama."

Naye, bila kucheka: "Haya. Endelea hivyohivyo, mwalimu."

Mnaijua Tanga. Mji uliozaa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, watu wake huonjeshwa fumbo kabla ya uji. Nimesifiwa, au nimepigwa kijembe mchana kweupe? Usiku nikayasema kwa sauti ya kupanda, yakawa pongezi. Nikayashusha, yakawa onyo. Baba watoto akauliza naongea na nani.

Wiki yenyewe haikukosa mambo: wakaguzi wamekuja na kuondoka, makamu kahamishiwa Korogwe, shemeji kaposa Muheza.

Kazi ya Kidato cha Pili mnaikumbuka: kila kundi litunge kipande kifupi kwa vyombo vya nyumbani, wapige kwanza, kuandika baadaye. Ofisini wapo wanaoiita kelele. Lakini yale mapigo matatu juu ya mawili, ambayo mwaka jana niliyachora ubaoni mpaka chaki ikaisha, safari hii wameyashika kwenye madawati kabla kengele haijalia. Mkono wa kushoto mawili, wa kulia matatu, yaanze pamoja, yaishe pamoja. Chakacha, ngoma yenye mapigo hayohayo, wameicheza maharusini tangu wadogo. Kilichokuwa kinawatisha ni ubao.

Na kundi la chupa! Wamezitia maji wapate do, re, mi, so, la. Binti mmoja akashikilia kwamba chupa yenye maji mengi ina sauti nzito. Mwenzake akaapa ni nyembamba. Nikawaacha wabishane. Kumbe mmoja anagonga, mwingine anapuliza! Ukigonga, kinachotetemeka ni chupa na maji yake, yakizidi sauti inashuka. Ukipuliza, inayotetemeka ni hewa. Maji yakizidi nafasi yake inafinyika, sauti inapanda. Mwalimu wa fizikia nimemdai soda. Alhamisi wakagonga tena, chupa ya "la" ikatoka juu kuliko tulivyoiacha. Kuna aliyeinywa. Kwa joto hili, simlaumu.

Jana ikawa zamu ya mtoto wa yule mama, sufuria mbili na mfuniko. Katikati akasimama, akarudi mwanzo bila kuambiwa. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama anasema hapo mfuniko unachelewa kuitikia. Jana kanirudisharudisha mpaka saa nne usiku."

Nilicheka mpaka darasa likanishangaa. Kumbe sufuria hazilali kwa sababu mwenye jiko mwenyewe hazilazi! Nimemtuma amwalike Ijumaa aje kusikiliza. Akija, kiti chake nitakiweka mbali na changu, maana lile "hivyohivyo" bado silielewi vizuri.

Dada wa Pangani ameingia mwezi wake wa kujifungua, na simu yake tangu adhuhuri haipatikani. Mumewe naye inaita tu, hapokei. Nitajaribu tena nikishaswali isha.