Rimoti ikizima, ndege ijue

Leo nimeseti failsefu (kinga ya ndege signo ya rimoti ikikata) ya kandege kangu ka povu, otopailoti (kakompyuta kanakoiongoza ndege) inatumia programu ya ArduPilot, na nawaambia kazi yenyewe iko kwenye risiva (kipokezi cha signo ya rimoti ndani ya ndege) kuliko kwenye kompyuta. Risiva zingine signo ikikata zinashikilia tu amri ya mwisho, yaani kama throto (nguvu ya mota) uliiacha nusu inabaki nusu, otopailoti inaona mambo freshi kumbe rimoti ishazima kitambo na ndege inaenda zake huko.

Kwa hiyo propela nje kwanza (jamani propela nje, vidole havina spea), stiki ya throto chini kabisa, halafu nikashusha na trimu (kirekebisho kidogo cha stiki kwenye rimoti) mpaka Mission Planner (programu ya kuseti otopailoti) ikasoma throto chini ya 950, hapo ndo nikabonyeza kale kakitufe ka risiva ikariri hiyo namba, nikarudisha trimu juu throto ikakaa kwenye 1100 hivi. Kwenye otopailoti nikaweka THR_FAILSAFE 1 (yaani failsefu iwake), THR_FS_VALUE nikaiacha 950 (throto ikishuka chini ya hapo ndo inajua signo imekata).

Nikatoka nje, GPS ikashika, modi FBWA (unaendesha mwenyewe, otopailoti inasawazisha), nikazima rimoti. Sekunde moja na nusu hivi ikaingia CIRCLE (modi ya kuzunguka duara), kufika tano ikahamia RTL (modi ya kurudi nyumbani) yenyewe bila kusukumwa, raha aisee! Kuwasha tena rimoti ikang'ang'ania RTL mpaka nilipocheza swichi ya modi, ndo ilivyo, msishtuke. Kilichobaki ni RTL_ALTITUDE (urefu wa kuruka ikirudi nyumbani), imekuja na mita 100, kwa hapa kwetu nadhani inatosha kuruka minazi na ule mnara wa simu.