Udalali na watoto: nilivyoacha kupangisha nyumba nikabaki na viwanja

Watu wakisikia dalali wanamuwaza yule kaka wa kijiweni aliyekaa chini ya mwembe na daftari lake. Mimi ni mama, nina watoto wawili, naishi Goba, na udalali ndo kazi yangu, sina nyingine pembeni. Wadada wananiuliza sana "dada hii kazi na watoto unaiwezaje?" so leo naandika jinsi nilivyofanya mimi, we utachukua kinachokufaa.

Anza na mahesabu ya masaa, maana hapo ndo penye shida yenyewe. Wa Dar mnajua basi la shule linaanza kukusanya watoto bado giza, la kwetu linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto anabebwa huku anasinzia, anarudi saa kumi au saa kumi na moja jioni kutegemea foleni imeamkaje siku hiyo. Aoge, ale, afanye homework, saa mbili kasinzia kwenye kochi. Yaani mtoto wa shule mjini hapa unampata masaa matatu kwa siku, ukijitahidi sana manne. Na biashara ya kupangisha nyumba inafanyika masaa hayohayo! Kwa sababu mpangaji ni mfanyakazi, anatoka kazini kumi na moja, anakupigia "dada nipo njiani nakuja kuiona ile ya masta mbili", yaani vyumba viwili vyenye choo ndani, foleni inamfikisha saa moja, unamuonyesha nyumba kwa tochi ya simu, anazunguka, anafungua bomba, anauliza luku ya umeme ni ya kwake peke yake au ya kushea, halafu anasema "nzuri ila nilitaka yenye fensi". Unarudi nyumbani wameshalala.

Na hela yenyewe sasa. Mpangaji analipa udalali kodi ya mwezi mmoja, sawa, tuseme nyumba ya laki mbili, hiyo laki mbili ni ya kwangu mimi, ya yule aliyeijua nyumba na ya yule aliyemleta mteja, mkigawana unabaki na elfu sitini na kitu, toa boda toa vocha. Siidharau, ile ndo hela ya mboga, inaingia wiki kwa wiki, na ndo maana kuiacha inatisha.

Kilichonifungua macho ni kuangalia kazi ya viwanja inafanyika saa ngapi. Kiwanja hakionyeshwi usiku, mteja anataka aone bikoni, zile alama za mipaka, aone barabara, aone maji ya mvua yanapita wapi, jua likizama kazi imeisha hata kama mteja ana haraka ya kufa mtu. Halafu nusu ya kazi ni ofisini: kufanya search ardhi, yaani kuhakikisha kiwanja ni cha nani, kuonana na mwenyekiti wa mtaa, mwanasheria wa kuandaa mkataba, na hizo ofisi zote zinafunguliwa Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi mpaka alasiri, yaani muda ambao watoto wako shule. Kwa hiyo kazi hiihii moja ina upande unaokula jioni yako na upande usioigusa. Nikaamua kuhamia huo upande wa pili.

Sikuhama kwa siku moja lakini, nisidanganye watu. Viwanja vina ukame, unaweza ukakaa miezi hakuna kilichouzwa, kimoja kikiuzwa unasahau shida zote. Kiwanja cha milioni 20, mwenye mali akikupa asilimia kumi ni milioni mbili, wengine wanatoa tano, wengine wanakwambia "mimi nataka zangu kadhaa, cha juu chako", hiyo ya cha juu siipendi inaleta ugomvi mteja akija kujua. Sasa ili tusife njaa katikati nikabaki na nyumba za kupangisha za mtaani kwangu tu, za kutembea kwa miguu, na kuonyesha sionyeshi mimi, kuna kijana wa boda hapo kituoni ninamwamini, anashika funguo, anampeleka mteja jioni, nyumba ikitoka tunagawana nusu kwa nusu. Wenzangu walinicheka eti unamfundisha kazi atakuzunguka. Kanizunguka kweli mara moja moja, najua na yeye anajua kama najua, lakini nikipiga hesabu ya jioni anazoniokoa naona bado nimepata faida.

Kitu cha pili nilichokata ni umbali. Zamani mteja akisema Kigamboni naenda, Chanika naenda, Chamazi naenda. Kutoka Goba mpaka Kibada huko Kigamboni, upite kivuko au daraja, kwenda na kurudi siku imeisha. Saivi nafanya Goba, Madale, Wazo, Salasala, Kinzudi, basi. Mteja wa Kigamboni namkabidhi kwa dalali wa huko, deili likikamilika ananitoa, yaani ananipa fungu langu, wakati mwingine hanitoi. Ila kukaa eneo moja kumeniongezea kitu sikukitegemea, wenye mali wananijua, mjumbe ananijua, mtu akitaka kuuza ananifuata nyumbani nikiwa napika.

Na karatasi kwanza, saiti baadae. Hii nisisitize maana inaokoa muda kuliko chochote. Mtu akiniletea kiwanja siendi kukiona mpaka anitumie kopi ya hati, au kama hakijapimwa karatasi za mauziano za serikali ya mtaa, kitambulisho chake, na swali linalowaudhi wengi: umeoa? umeolewa? mwenzio anajua unauza? Kwa nyumba ya familia sheria ya ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja auze bila mwenzie kuridhia, na hata kwa kiwanja wanasheria wengi wanataka saini ya mke au mume, sasa wewe zunguka na wateja wikiendi tatu, siku ya kusaini anatokea mke na kilio, deili imekufa, na zile wikiendi nani anakurudishia? Akishindwa kunijibu hilo swali kwenye simu namwambia kaka ukiwa tayari nipigie.

Wateja wa nje nao wana yao. Kuna ndugu zetu wako Marekani wananunua sana huku, ni watu wazuri wanalipa, ila mtu wa Minnesota akitoka kazini saa moja jioni yake, kwetu ni saa tisa au saa kumi usiku kutegemea msimu wao. Simu inalia kitandani. Baba watoto anageuka, "mama watoto, huyo nani saa hizi?" Mteja. "Mteja gani anauliza kiwanja saa tisa usiku?" Ukimwelezea unaonekana unajitetea, ukinyamaza ndo kabisaa. Mume wangu sio mtu wa wivu lakini kila mtu ana mwisho wake. Tulivyofanya: laini ya kazi nimeiweka kwenye simu nyingine ya pembeni, saa mbili usiku inazimwa inawekwa juu ya kabati sebuleni, na wateja wa Marekani nimewaambia wanipigie wakiamka, saa moja asubuhi kwao ni saa tisa au kumi alasiri kwangu, watoto hawajarudi bado. Wamekubali bila neno. Wa Oman ndo raha, tumepishana saa moja tu.

Jumapili sifanyi. Hapa nimepoteza hela, maana kuna wateja siku yao ya kuzunguka ni Jumapili tu na dalali mwingine yupo tayari, wanaenda. Jumamosi nafanya mpaka saa saba mchana, na huyu wangu mkubwa huwa namchukua saiti, anapenda kuhesabu hatua, anakijua kiwanja cha mita 20 kwa 20 kwa miguu yake japo miguu yake mifupi kiwanja chote kinatoka kikubwa. Baba yake anasema huo sio muda wa familia hiyo ni ajira ya watoto, tunabishana mpaka leo. Mdogo yeye kachukua kazi bila kufundishwa, nilimkuta anamuonyesha mtoto wa jirani chumba chetu, "hapa masta, hapa jiko, luku yako, kodi miezi sita, udalali mwezi mmoja." Sikujua nicheke au nimuombe kamisheni.

Kisichonipa nafasi mpaka sasa ni Januari. Ada zinadaiwa, watu wanahama, kila aliyekula sikukuu anataka kuuza kiwanja kwa bei ya hasara, na anayenunua anataka kuanzia bei hiyohiyo ya hasara ashuke. Mwezi huo ratiba yote niliyoisema hapo juu haipo, simu haizimwi saa mbili, na Jumapili mchana unaweza ukanikuta Madale. Tulikaa na baba watoto tukakubaliana Januari mimi ni wa kazini, yeye anashika nyumba jioni, homework na kupika. Watoto wanahesabu siku, wanasema ugali wa baba mgumu, na yeye kawaambia anayeona mgumu alete malalamiko Februari.