Siku moja maishani mwangu: leo sikufundisha, "nilipumzika"

Saa 11 alfajiri naamka, chai ya rangi, kiporo. Saa 1 na robo nimeshasaini kitabu cha mahudhurio. Wiki hii si zamu yangu, kwa hiyo wachelewaji wa getini ni mzigo wa mwenzangu.

Saa 2 hadi saa 4: vipindi vya Kidato cha Kwanza, rundo la madaftari ya kusahihisha, maandazi mawili. Hakuna la kusimulia.

Saa 4 na nusu. Kidato cha Pili B, wanafunzi 71, vipindi viwili mfululizo, dakika 80 za Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hili tunalifundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo hapa siwezi kusingizia Kiingereza kama tulivyozoea. Jana usiku nilikaa karibu saa nzima natunga swali moja. Ukiuliza Vita vya Maji Maji vilianza mwaka gani, mtu anajibu 1905 na mazungumzo yamekwisha. Nikamchukua Kinjekitile, mganga aliyewapa watu maji ya dawa akisema yatawakinga na risasi za Wajerumani, nikaandika ubaoni: "Kinjekitile aliwadanganya watu au aliwaunganisha?"

Kimya.

Kimya cha watoto 71 ukisikie. Unasikia hadi kuku wa mlinzi wakiparua nje. Hapo ndipo mwalimu anapojijibu mwenyewe, na akijijibu mara moja tu, darasa linajua kwamba likivumilia kidogo jibu litakuja lenyewe. Mimi huhesabu moyoni hadi kumi na tano, natazama dirishani kama mtu anayesubiri basi. Kisha nikasema: "Mgeukie jirani yako, mwambie unaonaje. Dakika mbili." Pakachangamka. Mtoto anayeogopa macho ya watu 70 haogopi ya mmoja.

Sheria yangu ni moja: kabla hujampinga mwenzako, rudia kwanza alichosema mpaka yeye akubali kwamba ndicho.

Kijana mmoja akasimama: "Alidanganya. Maji hayazuii risasi." Kicheko. Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, wa kwanza tangu Januari. "Mwenzangu amesema maji hayazuii risasi. Kweli. Ila Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vimeanza. Kama ni uongo wake tu, mbona watu hawakurudi nyumbani? Wapogoro wakaingia, Wangoni wakaingia." Mwingine akadakia habari za njaa, jinsi mashamba na maghala yalivyochomwa, na kwamba njaa iliua wengi kuliko bunduki. "Sasa vifo hivyo tumdai Kinjekitile au Mjerumani?"

Darasa likawaka. Mimi nimekaa nyuma kabisa, kwenye dawati la mwanafunzi, midomo nimeifunga, kalamu inaweka alama kwa kila aliyesema. Kunyamaza kule kunachosha kuliko kuhutubia, niamini.

Mlango ukasukumwa. Mwalimu wa darasa la jirani, fimbo mkononi. "Nani anapiga kelele humu? Mwalimu wenu yuko wapi?"

Nikasimama. "Nipo, Mwalimu."

"Aah, samahani Mwalimu. Nilidhani hamna mtu."

Hakukosea kwa ubaya, hilo nalijua. Lakini aliacha darasa limekufa. Yule msichana alikuwa katikati ya sentensi; hakuimalizia. Nilirudi kwenye majirani na dakika mbili, nikabadilisha swali, nikataniana nao, bure. Tulipoanza kurudi, kengele. Na swali la mwisho? "Mwalimu, sasa jibu ni lipi, tuandike lipi?"

Ofisini nikapokewa kwa kicheko: leo umepumzika, wanafunzi ndio wamefundisha. Nikacheka nao. Sikuwaambia kwamba shati lilikuwa limenilowa mgongoni, wala kwamba kati ya 71 wamezungumza 26, na 45 waliobaki nitawabeba hadi wiki ijayo.

Mchana wote sijui ulipita vipi. Kulikuwa na kipindi kingine, kulikuwa na kikao, mvua ilinyesha. Mzazi mmoja alikuja kuuliza kwa nini daftari la mwanawe lina notsi chache kuliko la Jiografia. Nilimweleza. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayemstahi mgonjwa.

Usiku, taa, andalio la somo la kesho. Nimeandika: "Nini maana ya..." Nimefuta. Naanza upya.