Beta, umeme na wifi inayotoroka

Mimi ni fundi kompyuta hapa Busia, upande wa Uganda, na kuna distro moja (aina mojawapo) ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, ikitoa tu beta, yaani toleo la majaribio, mkono unaanza kuniwasha. Jina silitaji, beta ukishaipakua umekubali yatakayokukuta. Jirani yangu wa duka la simu ananiambiaga "wewe unakula chakula hakijaiva halafu unalia tumbo", sina la kumjibu.

ISO, yaani faili la kusakinishia, ni zaidi ya GB 5 na mimi ni mtu wa bando, kwa hiyo nashusha usiku, na kama faili la wiki iliyopita bado ninalo natumia programu ya zsync, yenyewe inaangalia ulichonacho inavuta vipande vilivyobadilika tu. Halafu sha256sum, ya kuhakikisha faili limeshuka bila kuharibika, usiruke hapo, niliwahi kuruka nikamaliza jioni nzima nalaumu flashi. Na naiweka kwenye laptopu ya mtumba, ile ya kazi za wateja haiguswi. Kama distro ni ya familia ya Debian, kabla hujabonyeza Y kwenye apt full-upgrade (amri ya kusasisha mfumo mzima) soma orodha ya vinavyoondolewa, kwenye beta paketi (vifurushi vya programu) nyingine zimefika nyingine ziko njiani, na apt ikitaka kusawazisha mambo inaweza kukung'olea desktopu nzima, madirisha na menyu zote, huku unaangalia.

Sasa hii ya safari hii. Siku mbili safi kabisa, ya tatu nafungua kifuniko, wifi hakuna. Yaani si kwamba haishiki mtandao, hata orodha ya mitandao ni tupu. Naributi, inarudi. Kesho yake hivyo hivyo, keshokutwa imekaa kutwa bila tatizo nikaanza kujiona mwongo. Nikawaandikia watengenezaji ripoti: wifi inapotea baada ya laptopu kulala. Ikarudi na swali moja, inapotea lini hasa, na logi (kumbukumbu za mfumo) ziko wapi? Nilikasirika kidogo lakini wana haki, mimi mwenyewe mteja akiniletea mashine akasema "haifanyi" namuuliza hivyo hivyo.

Nikamkumbuka Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL. Machi 2024 alikuwa anapima mambo yake kwenye Debian sid, tawi la Debian ambalo bado halijatulia, akaona kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde na CPU inaliwa bila sababu. Nusu sekunde bana! Mimi ningesema mtandao mbaya nikaenda kunywa chai. Yeye akafukua mpaka akakuta mtu amepanda mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na Debian stable, ile iliyotulia, ilikuwa haijafikiwa, ulikuwa bado kwenye sid na kwenye distro zilizokuwa bado majaribio kama Fedora 40, wa distro ya Ubuntu nao wakachelewesha beta ya 24.04 wiki moja ili wajenge paketi upya.

Basi nikachukua kitabu cha risiti, nyuma ya karatasi nikachora mistari: saa ya kufunga, saa ya kufungua, wifi ipo au haipo. Siku nne. Mpwa wangu yuko S.4, anakujaga dukani jioni, akaangalia ile karatasi akasema, "Anko, hizi za haipo si ndio siku umeme ulikatika?" Nikaangalia, kweli bana, zote.

Tukachomoa chaja, tukafunga, dakika mbili, tukafungua. Haipo. Tukachomeka tukarudia, ipo. Mara sita mfululizo bila kukosea. Nikaandika iw dev wlp3s0 get power_save, amri ya kuuliza kama kadi ya wifi inabana umeme, kwenye chaja inasema off, kwenye betri inasema on. Kumbe kwenye betri kadi inabanwa umeme, na ikilala katika hali hiyo haiamki, kwenye journalctl -b (inayoonyesha logi) drayva, programu inayoendesha kadi, inalia kwamba fimwea, programu iliyo ndani ya kadi yenyewe, haijibu. Nadhani walioijaribu kabla yangu laptopu zao zimechomekwa asubuhi mpaka jioni, hawawezi kuiona hii. Hapa kwetu umeme ukikatika saa nne unafunga kifuniko ili betri ikufikishe jioni, ndiyo kawaida, kwa hiyo bagi (hitilafu ya programu) ilikuwa inatusubiri sisi.

Ripoti ya pili niliandika kama naandikia fundi mwenzangu: hatua kwa hatua, matokeo ya lspci -nnk (inaonyesha kadi na drayva yake), namba ya kerneli (kiini cha mfumo), na kwamba kerneli ya zamani nikiichagua kwenye GRUB, menyu ya kuwashia, tatizo halipo. Hiyo ya mwisho ndiyo waliyoipenda. Kwa sasa nazima power_save kwa mkono kila nikichomoa chaja, betri inaisha mapema kidogo, naishi nayo.

Jana wameniandikia kuna kerneli ya majaribio yenye marekebisho, kama naweza kuipima. Ni MB mia na kitu. Nimemwambia mpwa aje kesho na ile karatasi, mimi nangoja bando la usiku.