Karafuu Zilizolala

Bibi alichota maji mtungini, akayamimina kwenye bakuli la bati, akaliweka bakuli juu ya kinu kilichopinduliwa. Akaniambia nimwage karafuu zangu humo. Zilikuwa za kujaza kiganja, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikazimwaga zote. Zikaelea juu ya maji, zimelala ubavu kama njiti za kiberiti. Bibi akalitikisa bakuli, akangoja, akalitikisa tena. Hakuna hata moja iliyosimama.

"Hizi maiti," akasema.

Ilikuwa Aprili 1998, nyumbani kwetu Mikumbi, Lindi mjini, siku mbili kabla ya harusi ya mama mdogo. Mimi nilikuwa na miaka 11. Mvua za El Nino zilikuwa zimeitafuna barabara ya Dar es Salaam, na Daraja la Mkapa lilikuwa bado. Lilikuja kufunguliwa 2003. Wakati huo Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na lori likishatoka Kariakoo hakuna aliyethubutu kusema litafika lini. Sukari ilipanda bei, mafuta ya taa yakapanda, na viungo vya pilau vikawa vya kutafutwa duka hadi duka. Niliyetumwa kuvitafuta ni mimi, na nilirudi nimelowa chapachapa huku nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Bibi akatoa karafuu moja majini, akaibana kwa ukucha wa dole gumba. Akanionyesha ukucha. Ulikuwa mkavu. "Karafuu nzima ukiibana inalia," akaniambia. "Hii imeshakamuliwa mafuta yake kwanza, halafu ikakaushwa, ndiyo ukauziwa wewe."

Miaka mingi baadaye nilielewa kwa nini bakuli lile halidanganyi. Mafuta ya karafuu yanafika asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, nayo ni mazito kuliko maji. Karafuu yenye mafuta yake huzama, au husimama wima kichwa juu. Ikishanyonywa inakuwa nyepesi, inajilalia. Bibi hakuwahi kuingia darasani, wala hakuwa na haja ya maelezo hayo. Alikuwa na bakuli.

Nikarudishwa dukani. Mwenye duka hakubisha wala hakukubali. Alisema ndizo zilizopo, barabara imekatika, bibi akitaka nyingine asubiri lori. Nilipoleta majibu, mama, aliyekuwa anakuna nazi, akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye mbuzi: "Mama, watu mia mbili wale. Tia hizo hizo, pilau ina bizari, ina iliki, ina mdalasini. Watakula."

"Watakula," bibi akajibu. "Lakini hizi haziingii chunguni mwangu."

Vile viungo vingine vilikuwa vimeshatandazwa kwenye ungo, na hapo lazima nitue kidogo, maana sijawahi kuona tena ungo kama ule. Pilipili manga upande mmoja, nyeusi na zimekunjamana. Bizari nyembamba imepepetwa mpaka haina kijiti. Magome ya mdalasini, iliki za kijani, kungumanga mbili zikiwa bado ndani ya ganda. Majina haya nimeyafikiria sana ukubwani. Manga ni Uarabuni, kwa Kiswahili cha wazee, na kumbe pilipili manga ni tunda la mtambaazi wa Malabar, India, na kungumanga inatoka visiwa vya Banda, huko Indonesia. Mdalasini jina lake limetokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti wa China, wakati mdalasini halisi kwao ni Sri Lanka. Jikoni mwetu kiungo kimeitwa kwa aliyekileta pwani, au kwa alikodhani kimetoka. Hata ukwaju, ambao Waarabu waliuita tende ya Kihindi, mti wake asili yake ni Afrika hii hii, na pale Lindi tulikuwa tunauokota chini tukitoka shule.

Bibi akajifunga khanga, akajitanda nyingine kichwani, akanishika mkono. "Twende, mke mwenzangu."

Tukatoka kwenye manyunyu. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba, habari za harusi. Bibi hakuzunguka sana kwa maneno. Alisema tu kwamba ana shughuli na karafuu zake zimekuwa mbovu, kama mtu anazo chache ndani amsitiri. Na watu walikuwa nazo, kwa sababu karafuu haikosi kabisa katika nyumba ya pwani. Mama mmoja alitoa tano alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya chai. Mwingine akafungua chupa ndogo ya dawa, akahesabu kumi na mbili. Mzee mmoja mvuvi, nyumba ya kuelekea ufukweni unakoona Kitunda ng'ambo ya maji, alikuwa anazibana kwenye jino bovu. Akatugawia nusu ya zake, akasema jino litavumilia mpaka Ijumaa. Kila zilipotolewa, bibi alizifunga kwenye pindo la khanga, akakaza fundo, tukasonga mbele. Tuligonga milango hadi magharibi. Hakuna aliyetaka pesa.

Nyumbani bakuli likawekwa tena juu ya kinu, taa ya chemli pembeni. Bibi akafungua fundo, akaziachia polepole. Baadhi zikazama moja kwa moja. Zilizobaki zikasimama, vichwa vikigusa juu ya maji, kama watoto wanaooga baharini. Zilizolala zilikuwa chache, akazitoa kwa kidole na kuzitupa nje mlangoni. Harufu ilikuwa imeshajaa chumba kizima.

Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Bibi yangu. Yeye alizichuma."

Sikuelewa. Karafuu hazilimwi Lindi, na bibi alizaliwa Kivinje, Kilwa. Ndipo akaniambia, huku akizitandaza karafuu kwenye kitambaa zikauke, jambo ambalo mama naye aliacha kukuna nazi ili alisikilize.

Bibi yake alikuwa Mngindo wa Liwale. Alikamatwa akiwa mtoto, umri kama wangu ule, akateremshwa na msafara hadi Kivinje. Hapo pwani hawakupakiwa jahazini. Walitembezwa. Walifuata pwani kwenda kaskazini, siku zisizohesabika, wakipita mikoko na midomo ya mito, na waliochoka waliachwa. Kisha usiku mmoja wakavushwa kwa chombo kidogo hadi Pemba, wakapelekwa kwenye shamba la mikarafuu. Hilo la kutembezwa bibi mwenyewe hakulielewa hadi anakufa. "Bahari ipo pale pale Kivinje," alisema, "majahazi yamejaa, watoto wanapelekwa kwa miguu. Kwa nini?"

Mimi nilipata jibu nikiwa mtu mzima, kwenye vitabu vya historia, na nililia nilipolipata, kwa sababu yeye alikuwa ameshafariki. Aprili 1872 kimbunga kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba Pemba wakataka mikono zaidi kuliko wakati wowote. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar akatia saini mkataba na Waingereza wa kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha biashara. Waliihamishia nchi kavu. Waliwaswaga watu kwa miguu kufuata pwani, kisha wakawavusha kwa siri usiku. Ile safari ambayo bibi yangu aliiona haina akili ilikuwa na akili yake, tena ya kikatili. Mtoto wa Liwale aliyasimulia sawasawa kabisa, na wajukuu zake ndio tulikosa tarehe za kuambatanisha.

Mkarafuu wenyewe nao ulikuja kwetu kwa mzunguko. Kwao ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia. Wafaransa waliitorosha miche yake karne ya 18 hadi Mauritius, ikaenea Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Visiwa hivyo hivyo vya Wafaransa vilikuwa vinanunua watu kutoka Kilwa: mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupata watumwa wasiopungua 1,000 kila mwaka. Sijui niliite nini jambo hili. Mche unakuja huku, watu wanapelekwa kule, halafu mche unafuatwa na watu wengine tena. Hakuna kiungo kingine kwenye ungo wa bibi ambacho watu wetu wamekilipia hivyo.

Bibi yake alikaa Pemba hadi utumwa ulipofutwa kisheria, 1897, akarudi kwa jahazi hadi Kivinje. Liwale hakufika. Alisema hakukumbuka jina la mtu yeyote wa kumuulizia. Akaolewa Kivinje, akazaa, akamlea bibi yangu mapajani mwake.

"Sasa mbona unazipenda?" nikauliza. Niliona kama angestahili kuzichukia.

Bibi akanyamaza kwa muda. Akasema bibi yake alikuwa akipewa karafuu mbovu anakasirika mpaka anatetemeka. Alikuwa anasema: nimezipandia juu mitini, nimezianika juani, nimezichambua mpaka vidole vimetoka ngozi, leo mtu aniletee takataka aniambie hizi karafuu?

Kwenye kona palikuwa na sinia la asumini za bi harusi, zimefunikwa kitambaa kibichi zisinyauke. Bibi akainuka, akafunua, akachukua kichala kimoja ambacho vikonyo vyake vilikuwa havijakatwa. Machipukizi yake yalikuwa bado hayajafunguka, marefu, vichwa vimevimba kidogo. "Mkarafuu unachumwa hivi hivi, kabla ua halijafunguka," akasema. "Likifunguka, umechelewa." Akashika kichala kwa mkono wa kulia, akakilaza kwenye kiganja cha kushoto, akakisukuma na kukizungusha mara moja tu. Machipukizi yote yakabaki kiganjani, makonyo mkononi. Akanionyesha makonyo, akayaweka kando kwa uangalifu, kama kitu ambacho kuna mtu atakuja kukihesabu.

Akanipa kichala kingine. Nilipojaribu nilizivunja. Cha pili nikazivunja. Mama akasema asumini za watu zinakwisha, bibi akamwambia amwache mtoto. Cha tatu zikadondoka nzima, sita, nyeupe, katikati ya kiganja changu, na bibi akaniinamia kuzihesabu.